Tundu Aliloziba Ouma

Ouma tulimzika Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake, juu kidogo ya ufuo wa Dunga. Mimi, Awino, nilikuwa nimeombwa niseme maneno machache kwa niaba ya watu wa kazi, nikasimama pale na karatasi mkononi, nikashindwa kuisoma. Nilikuwa nimeandika yale yanayoandikwa siku zote: fundi hodari wa mashua, mtu wa watu, mcheshi, mcha Mungu. Yote yalikuwa ya kweli isipokuwa hilo la mwisho, ambalo yeye mwenyewe angelicheka mpaka akohoe. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliandika, nalo lilikuwa limenikaa kooni kwa zaidi ya miaka ishirini. Ili mtu aelewe nilichosema siku hiyo mbele ya umati, lazima nirudi kwenye mwaka niliokuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwaka ambao nilipata jina Kisumu nzima kwa kitu nisichokifanya.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha, hayana tofauti na ya nyumba nyingine yoyote. Itoshe kusema kwamba nilitoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme wa magari, na mtu wa kwanza kunikubali alikuwa Bwana Wasonga wa Otonglo, aliyefunga redio na spika za magari kando ya barabara ya Busia. Duka lake lilikuwa kontena lililokatwa madirisha, na nyuma yake palikuwa na chumba cha mabati ambacho kilikuwa stoo, jiko na mahali pa kulia kwa wakati mmoja. Kulinuka gundi, waya ulioungua na maharagwe. Nikikaa pale nyuma na sahani yangu mchana, nilisikia kila kilichosemwa mbele, na karibu kila mteja alisema jambo lilelile. "Bosi, nataka watu wa Kondele wajue nimetoka nyumbani." Wasonga naye alijibu vilevile kila siku: "Wewe leta gari tu, kelele tuachie sisi." Kipimo chake cha kazi nzuri kilikuwa sarafu moja aliyoiweka juu ya buti la gari. Muziki ukiwashwa na sarafu ikaruka, kazi imeisha. Isiporuka, tunarudia.

Spika kubwa ya besi, ile tuliyoiita wufa, haifai kitu ikiwa peke yake. Lazima ikae ndani ya boksi la mbao, na aina ya boksi ndiyo huamua mtu atasikia nini. Kuna boksi lililozibwa pande zote, ambalo hewa yake haitoki. Kuna na lile lenye tundu lililotiwa bomba, ambalo hewa hupitia na kuongeza nguvu ya mlio. La tundu lina kelele zaidi kwa spika ileile, na kwa sababu hiyo Wasonga hakuwahi kutengeneza lingine. La kuziba aliliita boksi la watu wa maombi. Mimi kwenye daftari langu la chuo nilikuwa nimechora yote mawili, na kando ya lile la kuziba nimeandika kwa mkono wangu kwamba mlio wake ni mdogo lakini ni safi. Nilikuwa nalijua jambo hilo, lakini nilikuwa nalijua kwenye karatasi tu.

Asubuhi moja likaingia gari kuukuu la stesheni wagoni, limejaa matope ya Ahero mpaka kwenye milango, na gunia la mchele kwenye kiti cha nyuma. Aliyeendesha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi aitwaye Anyango, mwalimu wa shule ya msingi. Kando yake alikaa baba yake, Mzee Ogola, amevaa koti na kofia juani. Hakushuka. Alisubiri nimfuate dirishani, kisha akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua unione.

"Nyathina, mtoto wangu, hii mkono ilikufa mwaka jana," alisema. "Nilipiga besi na hii mkono miaka kumi na saba, kwa bendi. Sasa haiwezi hata kushika kijiko. Na daktari ameniambia masikio nayo inaenda. Imeanza kwenda."

Alikuwa na kaseti moja tu, isiyo na kava. Ilikuwa imebeba nyimbo sita za bendi yake, na jina la mpiga besi halikuandikwa popote. Anyango alikuwa akipiga besi kanisani, na baba alitaka kumwachia mapigo yake yote kabla masikio hayajafunga. Vidole havingeweza kumwonyesha, kwa hiyo ilibaki kusikiliza pamoja na kusahihisha kwa mdomo. Nyumbani palikuwa na mabati, mvua, kuku na majirani, na redio ndogo isiyotoa besi hata kidogo. Chumba cha pekee chenye utulivu walichokuwa nacho ni gari lile. "Nataka asikie kila nota, moja moja," alisema. "Mimi nikiwa kiziwi, nitamsahihisha na nini?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema kwa haraka ya ujana, nikaingia ndani na kutengeneza boksi lenye tundu, kama maboksi mengine yote ya pale dukani. Waliporudi kulichukua, Wasonga aliweka sarafu kwenye buti na sarafu ikaruka mpaka chini. Akapiga makofi. Ndani ya gari Anyango alikuwa ameweka gita lake la besi magotini, akijaribu kufuata. Nilimwona akitafuta nota, akiikosa, akitafuta tena, kisha akaacha na kuweka viganja juu ya nyuzi. Mzee Ogola alizima kaseti mwenyewe.

"Nasikia mtu anagonga mlango," alisema. "Gita iko wapi?"

"Mzee, hiyo ndiyo besi yenyewe!" Wasonga akamwambia. "Hakuna gari ingine hapa Kisumu iko na hiyo."

"Bwana, hiyo besi nimeishi na yeye. Akiingia kwa nyumba, mimi namjua." Hakupaza sauti hata kidogo. Alinigeukia mimi, akaniuliza kama ningeweza kujaribu tena, maana yeye muda wake ulikuwa unapungua. Wangeniachia boksi na wufa kwa wiki mbili. Nilipoenda chumba cha nyuma kulikuwa na chapati na maharagwe mezani, nikalia juu yake. Leo mtu akiniuliza, ningesema nililia kwa kumhurumia mzee. Wakati ule nililia kwa sababu kazi yangu ya kwanza niliyoifanya peke yangu ilikuwa imekataliwa mbele ya bosi.

Ningelifuata daftari langu siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi na sifa ingekuwa yangu kwa haki. Nililifungua. Nikayaona maneno yangu mwenyewe, mdogo lakini safi, nikalifunga. Wasonga alikuwa ameshasema tunataka tundu kubwa zaidi na bomba refu zaidi, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba jina la duka lake limejengwa juu ya kitu ambacho mzee huyu hakihitaji. Nikachora boksi jipya, kubwa, tundu lake linaingia ngumi mbili. Fundi wetu wa mbao alikuwa amekwenda kwao Sondu kwa msiba, na mtu mmoja akaniambia kwamba kama nataka maungio yasiyovuja, niende kwa watengeneza mashua wa Dunga, nimuulizie Ouma.

Nilimkuta chini ya kibanda cha mabati, amelala kifudifudi ndani ya mashua mpya, akisukuma pamba kwenye nyufa kwa patasi butu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na lami nyeusi imemkaa kwenye kucha. Alinikaribisha ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, kabla hajaniuliza nimefuata nini. Kisha akautazama mchoro wangu kwa muda mrefu, akaweka kidole chenye lami katikati ya lile duara.

"Na hii?"

"Ni tundu. Ya hewa."

"Hewa inaenda wapi?"

Nikamweleza yote, mawimbi, bomba, nguvu, kwa maringo ya mtu aliyetoka chuo juzi. Alinisikiliza akiokota omena mojamoja. "Sawa," alisema mwishoni. "Wewe umesoma. Shida ni mbao haijasoma." Lakini alikubali kazi, na nikaondoka nikimwona kama mtu mwema asiyejua mambo.

Mvua ikashuka wiki ile kama inavyoshuka kwenye tambarare za Kano. Ahero ikajaa maji, barabara ikakatika, na Anyango akanipigia simu kutoka kwa jirani kusema kwamba baba yake sasa anamwomba arudie kila neno. Wangekuja Jumamosi, maji yakipungua. Jumamosi ilipofika, Ouma alitokea Otonglo na baiskeli, boksi limefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Alikuwa amelivisha zulia jeusi la kufunikia maboksi, nililomwachia, kwa unadhifu ambao sijauona tena kwa fundi mwingine. Nikalizunguka nikilipapasa. Nikalizunguka tena. Mbele palikuwa na tundu la kuingizia wufa, na kwingine kote palikuwa zulia tupu.

"Ouma, tundu iko wapi?"

"Nilitoboa, vile ulichora," alisema. "Halafu nikaiweka chini nikaiangalia. Nikaletewa chakula nikashindwa kula. Awino, mimi tangu nianze hii kazi sijawahi kutoa mbao na shimo kwa mkono yangu. Nikaziba."

"Umeziba na nini?"

"Kipande ya mbao, pamba, lami. Na ndani nimejaza pamba, hata ile ya godoro ya zamani. Hiyo boksi ukiitupa katikati ya ziwa, itafika Uganda kavu."

"Ouma! Ni spika, si mashua!"

"Boksi ni boksi. Ikiwa na shimo, bado haijaisha."

Nilimtukana, nakiri. Nilimwambia ameniharibia maisha, na kwamba ndiyo sababu watu wa ufuoni hawaendelei. Yeye alikuwa akifungua kamba za mpira na kuzikunja vizuri. Nilikuwa nikitafuta msumeno nilitoboe upya pale pale, zulia na yote, niliposikia honi, na gari la matope likaingia uwanjani. Hapakuwa na muda wa msumeno. Niliingiza wufa, nikafunga waya, na Ouma akapewa chai na mandazi, akasimama nazo kwenye mlango wa kontena kutazama.

Wasonga aliweka sarafu yake juu ya buti. Kaseti ikaanza, na sarafu ikatulia, haikusogea hata nukta moja. Nilimwona akikunja uso. Lakini mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mlango wa nyuma wa gari, na kutoka pale nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika miezi yote ya kazi hiyo. Nilisikia mtu akipiga gita. Kila nota ilikuja, ikasimama, ikaondoka na kuipisha nyingine. Niliweza kusikia kidole kikiteleza kwenye uzi. Anyango alikuwa ameanza kufuata, kwanza nota mbili, kisha nne, kisha akapotea akacheka na kurudi. Mzee Ogola alikuwa ameweka mkono wake mzima kwenye mlango wa gari na kufumba macho.

"Hapo!" alipiga kelele ghafla, mpaka nikaruka. "Rudisha! Hapo nilikosea! Umesikia? Hiyo siku nilikosea, na bendi mzima hakuna mtu alijua!" Akarudishiwa, akasikiliza kosa lake tena, na tena, akicheka huku machozi yanamteremka kwenye kola ya koti. "Hiyo usijifunze," akamwambia binti yake. "Hiyo ni yangu peke yangu."

Kisha akageuka, akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Nani alijua ya kuziba?"

Wasonga alinitazama. Anyango alinitazama. Ouma alikuwa mlangoni na mandazi mkononi, hatua tano kutoka nilipopiga magoti. Nikasema, "Mimi." Lilitoka tu, neno moja, jepesi. Ouma aliacha kutafuna. Alinitazama kwa muda wa kutosha kunipa nafasi ya kulirudisha, na mimi nikageuka nikajifanya nakaza skrubu. Nikamsikia akiuliza mtu nyuma yangu, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Sukari iko?"

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilikuwa ya neema, na sitaki kujifanya kwamba niliteseka kila siku. Habari zilienea. Wapiga muziki, waimbaji wa kwaya, mwalimu mmoja wa densi, wazee wenye kaseti zao, wote walianza kuja Otonglo kumuulizia yule msichana anayejua kuziba. Hata Wasonga aliacha kusema mambo ya watu wa maombi, na sarafu yake ikapotea. Ilinibidi nilifungue daftari langu na safari hii nilisome, kwa sababu watu waliniuliza maswali na nililazimika kuwa na majibu. Nilijifunza lini la kuziba linafaa na lini la tundu ndilo sahihi, maana lipo pia gari linalostahili tundu. Nilijifunza kumuuliza mteja anataka kusikiliza nini kabla sijamuuliza ana gari gani. Na Anyango na baba yake waliliegesha gari kando ya mashamba ya mpunga kila alipotoka shuleni, vioo vimefungwa, wakarudia nyimbo sita mpaka kaseti ikaanza kuchakaa. Mwaka ulipokwisha Mzee Ogola alikuwa hasikii tena, lakini alikuja dukani na Anyango akapiga nyimbo zote sita kwenye benchi letu, huku baba ameweka kiganja juu ya mbao ya gita. Aliitikia kwa kichwa mara moja tu, kwenye ile nota aliyoikosea yeye, alipohisi kwamba binti yake ameipiga sawasawa.

Maboksi yangu yote niliyapeleka kwa Ouma. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo namna yangu ya kulipa. Kila nikifika kibandani kwake aliniita kwa sauti, "Fundi wa kuziba, karibu!" na mimi nilicheka pamoja na wenzake huku nikiwaka masikio. Kisha tulikula. Nakumbuka kwamba baada ya mwaka ule chakula chake kilibadilika. Badala ya ugali, siku nyingi kulikuwa na wali, mchele mzuri wenye harufu, wa Ahero, na samaki juu yake. Nilimuuliza Ouma mara moja, mtu wa ufuoni kama yeye anapata wapi mchele wa namna ile. "Rafiki hunitumia," alisema, akaniongezea. Sikuuliza zaidi. Mwaka baada ya mwaka, mpaka nikafungua duka langu mwenyewe, mpaka mvi zikaanza kuniota, nilikaa kwenye kile kibanda nikala wali ule, na kila mara nilikuwa na neno mdomoni, na kila mara nililimeza pamoja na chakula.

Basi Ijumaa nilikunja karatasi. Nikawaambia waombolezaji kwamba kuna boksi moja lililonipa jina, na kwamba sikuliziba mimi. Nilieleza habari ya tundu, ya chakula alichoshindwa kula, ya pamba ya godoro, na watu wakacheka kwa sababu wote walimtambua Ouma hapo. Nikaeleza habari ya lile neno moja nililosema na andazi lililosimama njiani kuelekea mdomoni. Hawakucheka tena. Nikasema naomba radhi, na kwamba najua nimechelewa, kisha nikakaa chini.

Anyango alikuwa amekuja na gita lake na wanafunzi wake wanne wa besi, wasichana watatu na mvulana mmoja, ambao walikuwa wamepiga wakati wa ibada. Sasa nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Baba yake alifariki zamani, kwa amani. Alipita kati ya viti akaja kukaa kando yangu.

"Baba alijua," aliniambia.

"Alijua nini?"

"Ile ile Jumamosi. Tulifika nyumbani akapapasa boksi kwa nyuma, akapata duara chini ya zulia. Akainusa. Akasema, hii ni lami ya mashua, yule msichana hana lami kwa mkono. Jumatatu tukaenda Dunga kumtafuta." Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyengoja sana kutoa habari. "Baba alimuuliza Ouma, nikuseme? Niwaambie watu ni wewe? Ouma akakataa. Akasema, wacha msichana. Amesema ni yeye, sasa itabidi awe yeye."

Mbele yetu wale wanafunzi walikuwa wameanza tena, bila kuambiwa, wimbo wa kwanza wa kaseti ile, na nilizitambua nota zote. Wanawake walikuwa wakigawa chakula, na mmoja aliniletea sahani. Kulikuwa na samaki, na chini yake wali, wenye harufu ileile. Nikamtazama Anyango.

"Gunia moja kila mavuno," alisema. "Baba alianza, mimi nikaendelea. Ulidhani Ouma alikuwa anatoa wapi?"

Nikachukua kijiko, nikala wali wote.